Mwanafunzi wa kompyuta: jenga programu moja inayotumiwa na mtu kabla hujaomba kazi

Maswali ni yale yale kila muhula. Nianze na lugha gani? Nitafute cheti gani? Mwajiri anataka uzoefu na mimi bado nasoma, sasa huo uzoefu niutoe wapi? Wanaouliza ni wanafunzi wa kompyuta, wa uhandisi, wa takwimu, hata wa biashara. Wengi wana alama nzuri na wametazama video za mafunzo hadi usiku wa manane, lakini hawajawahi kuandika programu ikatumiwa na mtu mwingine.

Jibu langu ni hili: tengeneza programu moja ndogo, kwa ajili ya mtu mmoja unayemfahamu, na usiiache mpaka aitumie kwenye kazi yake kwa wiki kadhaa bila wewe kusimama pembeni. Ukifanya hivyo utakutana na mambo ambayo mazoezi ya darasani hayakuletei: data chafu, mtumiaji anayebonyeza kitufe mara mbili, faili lililopotea, ombi linalobadilika katikati ya njia. Na siku ya usaili utakuwa na la kusimulia ambalo ni lako kweli.

Mfano nitakaoutumia ni daftari la kuazimisha vifaa vya maabara: nani kachukua nini, lini, na amerudisha au bado. Wako unaweza kuwa wa vitabu, funguo, madeni madogo au zamu za kazi. Hatua hazibadiliki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yoyote inayofanya kazi. Yenye kumbukumbu ya GB 4 inatosha kwa kazi hii. Kama huna yako, tumia ya maabara na kazi yako uibebe kwenye flashi, lakini soma kwanza sehemu ya nakala rudufu hapo chini. Simu peke yake itakuchosha.
- Python 3, Git (inayotunza historia ya mabadiliko ya kazi yako), na kihariri cha maandishi unachokipenda. Vyote ni bure. SQLite, hifadhidata tutakayotumia, tayari imo ndani ya Python.
- Mtu mwenye tatizo. Bila huyu usianze.
- Saa tano au sita kwa wiki, kwa muhula mmoja. Vipindi vitatu vya saa mbili vina faida kuliko siku nzima ya Jumamosi, kwa sababu utapata usingizi kati ya tatizo na suluhisho.
- Daftari. La karatasi au faili tu, lakini liwe moja, na kila ukikaa kazini uandike ulichofanya na ulipokwama. Utalihitaji sana mwishoni.

Nimechagua Python kwa sababu inakufikisha kwenye tatizo haraka. Kama chuoni mnatumia Java, PHP au C#, baki nayo hiyo. Mjadala wa lugha ipi ni bora umewala wanafunzi wengi muda ambao wangekuwa wameshamaliza mradi wa kwanza.

Hatua ya 1. Tafuta mtu kwanza, wazo litafuata

Usikae chumbani ukawaza programu ya kubadilisha dunia. Nenda kwa mtu anayetunza kitu kwa mkono: mtunza vifaa, katibu wa chama cha wanafunzi, mwalimu anayehesabu mahudhurio, jamaa mwenye duka. Muombe akuonyeshe anavyofanya leo, si anavyotamani ifanyike. Tazama daftari lake. Uliza: "Mara ya mwisho jambo hili lilikusumbua ilikuwaje?" Swali hilo litakupa tukio lililotokea. Ukiuliza "ungependa programu ya namna gani?", utapewa ndoto.

Tahadhari: usichukue tatizo linalohusu fedha nyingi, afya ya watu au mitihani kwa mradi wa kwanza. Kosa lako hapo litamuumiza mtu.

Hatua ya 2. Andika ukurasa mmoja, mwonyeshe

Ukurasa mmoja, si zaidi. Uwe na mambo manne: nani atatumia, mambo matatu ambayo programu lazima iyafanye, mambo ambayo haitayafanya, na ni kwa dalili gani mtajua imefaulu. Kwa mfano wetu, matatu ya lazima ni kuandika kifaa kinapotoka, kuandika kinaporudi, na kuonyesha vilivyo nje kwa sasa. Basi. Picha za vifaa, ujumbe wa simu, ripoti za rangi, vyote viende kwenye orodha ya "haitayafanya".

Orodha hiyo ya pili ndiyo itakayokuokoa. Mtu akiona kitu kinafanya kazi ataomba kingine, na ni haki yake, lakini utakuwa na karatasi ya kurejea.

Hatua ya 3. Andaa folda na Git siku ya kwanza

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kusimamia msimbo wa Linux, na leo utaikuta karibu kila mahali panapoandikwa programu. Huna haja ya kuielewa yote. Anza hivi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "wewe@example.com"
mkdir azima
cd azima
git init
```

Kabla ya kuandika chochote kingine, tengeneza faili liitwalo `.gitignore` na ndani yake uweke majina haya, kila moja kwenye mstari wake:

```
data.db
nakala-*.db
.env
mazingira/
__pycache__/
```

Haya ni mambo ambayo Git isiyachukue: data za watu, nywila, na mafaili yanayojitengeneza yenyewe. Kisha:

```
git add .
git commit -m "Anzisha mradi wa azima"
```

Kuanzia hapo, kila unapomaliza jambo moja dogo linalofanya kazi, rudia amri hizo mbili za mwisho kwa ujumbe unaosema ulichobadilisha na kwa nini. "Zuia kifaa kimoja kutoka mara mbili" ni ujumbe. "Mabadiliko" si ujumbe.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara hapa ni mawili. La kwanza ni kuhifadhi (yaani `git commit`) mara moja kwa mwezi, kazi yote ikiwa rundo moja. Siku ikiharibika hutajua pa kurudi, na anayeipitia hataona ulivyofikiri. La pili ni kuweka faili kwenye `.gitignore` baada ya Git kuwa imeshalichukua. Hapo haliondoki lenyewe. Andika `git rm --cached data.db`, halafu uhifadhi tena.

Hatua ya 4. Kipande chembamba kinachofika mwisho

Wanafunzi wengi hutengeneza ukurasa wa kuingia kwanza: jina, nywila, "umesahau nywila?". Wiki nne zinakwisha na programu bado haijaandika kifaa hata kimoja. Anza na njia moja kamili, hata kama haina sura: andika kifaa kimoja, kitoe, kirudishe, onyesha orodha. Maandishi matupu kwenye terminali yanatosha. Ukishafika mwisho wa njia hiyo una programu. Kila unachoongeza baadaye kinaongezwa juu ya kitu kinachofanya kazi.

Kuhusu akili mnemba, kwa kuwa utaitumia: itumie ikueleze ujumbe wa hitilafu, ikupe mifano, ikuulize maswali ya usaili. Lakini usihifadhi mstari ambao huwezi kuueleza kwa maneno yako. Njia ya kujipima ni rahisi. Funga dirisha, fungua faili tupu, uandike tena sehemu hiyo bila kutazama. Usipoweza, bado hujajifunza, na kwenye usaili itajulikana katika dakika ya pili.

Hatua ya 5. Panga data kabla ya sura

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu data ikipangwa vibaya kila kinachofuata kinakuwa kigumu.

Wazo la kwanza la mwanafunzi huwa ni jedwali moja la vifaa lenye safu ya "kipo" au "hakipo". Itafanya kazi mpaka mtunza vifaa aulize nani alikuwa nacho mwezi uliopita. Jibu litakuwa limefutwa. Tenganisha vitu vitatu: vifaa, watu, na tukio la kuazima. Kwa SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, inakuwa hivi:

```
CREATE TABLE vifaa (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  namba TEXT NOT NULL UNIQUE,
  jina TEXT NOT NULL
);
CREATE TABLE watu (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  usajili TEXT NOT NULL UNIQUE,
  jina TEXT NOT NULL
);
CREATE TABLE uazimaji (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  kifaa_id INTEGER NOT NULL REFERENCES vifaa(id),
  mtu_id INTEGER NOT NULL REFERENCES watu(id),
  alichukua TEXT NOT NULL,
  alirudisha TEXT
);
CREATE UNIQUE INDEX kimoja_nje
  ON uazimaji(kifaa_id) WHERE alirudisha IS NULL;
```

Soma mistari miwili ya mwisho taratibu. Inasema kifaa kimoja hakiwezi kuwa na matukio mawili ambayo bado hayajafungwa. Hata programu yako ikikosea, hata mtu akibonyeza mara mbili, hifadhidata yenyewe itakataa. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini sharti hili limewekwa kwenye hifadhidata na halikuachiwa fomu peke yake ameshawazidi wengi.

Namba ya kifaa na ya usajili nimeziweka kama maandishi, si tarakimu za kuhesabu. Namba 00417 ikihifadhiwa kama tarakimu inabaki 417, na mtumiaji hataipata tena. Namba za simu nazo ni hivyo hivyo. Kitu ambacho hutakijumlisha wala kukigawanya, kiweke kama maandishi.

Tarehe ziandike mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-09. Kwa mpangilio huo zinajipanga zenyewe kwa usahihi, na hakuna wa kubishana kama 03 ni mwezi au siku.

Mradi wako ukiwa na fedha, usihifadhi kwa desimali za kawaida. Mwambie Python ajumlishe 0.1 na 0.2 atakujibu 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta huziandika namba hizo kwa mfumo wa mbili na haziingii kamili. Hifadhi kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, kama namba nzima.

Sasa kuandika. Majedwali ya hapo juu yatengeneze kwanza, mara moja tu, kwa kupitisha amri hizo kwenye `db.executescript`:

```
import sqlite3
from datetime import date

db = sqlite3.connect("data.db")
db.execute("PRAGMA foreign_keys = ON")

def azimisha(db, kifaa_id, mtu_id):
    db.execute(
        "INSERT INTO uazimaji (kifaa_id, mtu_id, alichukua) "
        "VALUES (?, ?, ?)",
        (kifaa_id, mtu_id, date.today().isoformat()),
    )
    db.commit()
```

Mstari wa `PRAGMA` usiuache. Kwa kawaida SQLite haifuatilii uhusiano wa majedwali mpaka uiambie, na kila unapofungua muunganisho unaiambia upya. Bila hivyo utaweza kuazimisha kifaa ambacho hakipo.

Alama za kuuliza nazo si mapambo. Usiunganishe maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Jina lenye ng' ndani yake lina alama ya mkato wa juu, na alama hiyo hiyo ndiyo SQL inayotumia kufungua na kufunga maandishi, kwa hiyo amri itakatika katikati. Mtu mwenye nia mbaya atatumia mwanya huo huo kusoma au kufuta data yote. Alama za kuuliza zinaziba mwanya kwa wote wawili.

Hatua ya 6. Ijaribu kwa nia ya kuivunja

Kabla ya kumpa mtu, keti uiharibu mwenyewe. Acha jina tupu. Weka nafasi tatu badala ya jina. Weka jina lenye herufi mia mbili, na lile lenye ng'. Rudisha kifaa ambacho hakijatoka. Toa kimoja mara mbili. Zima kompyuta katikati ya kuandika. Badilisha tarehe ya kompyuta uone orodha inakuwaje. Kila kinachovunjika, andika kwenye daftari, kirekebishe, hifadhi.

Kisha geuza machache kati ya hayo kuwa majaribio yanayojiendesha. Fungua hifadhidata ya muda kwa `sqlite3.connect(":memory:")`, tengeneza majedwali, azimisha kifaa mara mbili, na hakikisha mara ya pili inaleta `sqlite3.IntegrityError`. Majaribio matano ya namna hii yanatosha kwa kuanzia. Thamani yake utaiona siku utakapobadilisha jambo dogo kwenye kona moja na jaribio la kona nyingine likapiga kelele.

Hatua ya 7. Mkabidhi mtumiaji, kisha nyamaza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote.

Keti nyuma yake kidogo. Mpe kazi moja: "Mtu amekuja kuchukua kipimio namba 00417, mwandike." Usimwonyeshe pa kubonyeza. Usiseme "hapo juu kulia". Mikono yako iwe kwenye daftari. Utaona anasita mbele ya neno ulilodhani liko wazi, anatafuta kitufe ambacho hakipo, anaandika jina mahali pa namba. Kila anaposita, kosa ni la programu, kwa hiyo andika.

Akikwama kabisa, muulize "ulitegemea nini kitokee?" kabla ya kumsaidia. Jibu lake mara nyingi ni muundo bora kuliko uliokuwa nao wewe.

Rekebisha matatu makubwa, si yote, urudi baada ya wiki. Halafu mwachie. Endapo baada ya wiki mbili amerudi kwenye daftari lake la karatasi, usimlaumu. Muulize ni wakati gani hasa alilishika tena. Huenda foleni ilikuwa ndefu na programu yako inataka mibonyezo sita pale ambapo kalamu inataka mstari mmoja. Hilo ni tatizo la kiufundi kama mengine, na linatatulika.

Hatua ya 8. Nakala rudufu, na kuirudisha

Mara tu mtu anapoanza kuitegemea, data si yako tena kuchezea. Kanuni inayofuatwa na wengi ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Faili la SQLite usilinakili kwa mkono wakati programu inaandika. Unaweza kupata nakala iliyoharibika. Tumia njia iliyojengwa ndani ya Python:

```
nakala = sqlite3.connect("nakala-2025-03-09.db")
db.backup(nakala)
nakala.close()
```

Kisha fanya lile ambalo wengi hawafanyi. Chukua nakala hiyo, iweke kwenye kompyuta nyingine, fungua programu, hesabu kama vifaa vyote vimo. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha huna uhakika nayo.

Ukitaka baadaye programu ifunguke kwenye kivinjari, ongeza Flask (maktaba ya Python ya kutengeneza kurasa za wavuti) au chombo kinachofanana nacho, ndani ya mazingira ya pekee, yaani folda yenye maktaba za mradi huu tu (`python3 -m venv mazingira`). Hapo ndipo ukurasa wa kuingia unapopata maana. Usiiweke wazi kwenye intaneti ikiwa na majina ya watu kabla hujajifunza kuilinda.

Hatua ya 9. Andika maelezo

Faili la README ndilo mlango wa kazi yako. Mwajiri akifungua mradi wako, huenda asifike kwenye msimbo. Andika: programu inamfanyia nini nani, inaendeshwaje kwa amri zisizozidi nne, picha moja ya skrini, uamuzi mmoja au miwili uliofanya na sababu yake, na kinachokosekana. Hili la mwisho usilifiche. Anayejua mipaka ya kazi yake anaaminika haraka.

Mpe mwanafunzi mwenzako README hiyo, aiendeshe kwenye kompyuta yake bila kukuuliza. Akikuuliza swali, jibu liingie kwenye README.

Ukipandisha kazi mahali pa umma, kagua mara mbili: hakuna data za watu, hakuna nywila. Picha ya skrini nayo itumie majina ya kubuni.

Hatua ya 10. Igeuze kuwa wasifu

Mstari dhaifu: "Najua Python, SQL, Git, kufanya kazi katika timu."

Mstari wenye uzito: "Nilitengeneza programu ya kuazimisha vifaa vya maabara (Python, SQLite). Mtunza vifaa anaitumia kila siku. Niliweka sharti kwenye hifadhidata linalozuia kifaa kimoja kuandikwa kwa watu wawili, na nakala rudufu inayojiendesha kila jioni."

Andika tu yaliyo kweli, na namba weka zile unazoweza kuzionyesha. Wasifu wa mwanafunzi utoshe ukurasa mmoja. Mradi huu ukae juu ya orodha ya masomo, na kiungo chake kifunguke. Kijaribu kwenye kompyuta ambayo hujaingia kwenye akaunti yako.

Ombi la mafunzo kwa vitendo liwe fupi: wewe ni nani, umejenga nini, kiungo, unatafuta nafasi ya kipindi gani, na kwa nini pale. Hilo la "kwa nini pale" linadai usome kidogo kuhusu kazi zao. Barua moja iliyotumwa kwa taasisi hamsini hujulikana.

Hatua ya 11. Jiandae kwa usaili kwa kutumia daftari lako

Fungua daftari ulilokuwa ukiandika tangu mwanzo. Chagua visa vitatu: hitilafu iliyokusumbua na ulivyoipata, uamuzi uliobadilisha baada ya kumtazama mtumiaji, na jambo uliloliacha kwa makusudi. Simulia kila kimoja kwa dakika mbili kwa sauti, mbele ya mtu. Kusoma kimya hakutoshi, maana ulimi una mazoezi yake.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungeanzia wapi kulitafuta. Ukipewa tatizo la kuandika papo hapo, uliza maswali kabla ya kuandika, fikiri kwa sauti, anza na njia ya kawaida hata kama ni ya polepole. Anayekuhoji anataka kuona ingekuwaje kufanya kazi nawe.

Mambo yakikataa

*`python` haitambuliwi.* Jaribu `python3`, au `py` kwenye Windows. Ikiwa zote zimekataa kwenye Windows, sakinisha upya na uweke tiki kwenye kisanduku cha PATH.

*`ModuleNotFoundError` na umeshasakinisha.* Umesakinisha kwenye Python nyingine. Washa mazingira (`source mazingira/bin/activate`, au `mazingira\Scripts\activate` kwenye Windows), kisha tumia `python -m pip install`.

*`no such table`, na jana jedwali lilikuwepo.* Umeendesha programu kutoka folda nyingine. SQLite isipokuta faili hutengeneza jipya tupu bila kulalamika. Tafuta `data.db` ya pili, na utumie njia kamili ya faili.

*Data inaonekana, ukifunga inapotea.* Umesahau `db.commit()`.

*`Incorrect number of bindings supplied`.* Thamani ikiwa moja, andika `(namba,)` na mkato wake. Bila mkato Python anaona maandishi na kuhesabu kila herufi.

*`database is locked`.* Kuna dirisha lingine limefungua hifadhidata na halijamaliza kuandika. Lifunge, au limalize.

*`git push` imekataliwa.* Amri hii hupandisha kazi kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mara nyingi kuna mabadiliko kule ambayo huna. Anza na `git pull`, tatua migongano, kisha usukume. Usitumie `--force` kwenye kazi ya pamoja kwa sababu tu umechoka. Inaweza kufuta kazi ya mwenzako.

*Nywila imeingia kwenye Git.* Kuifuta kwenye faili hakutoshi, historia bado inayo. Ibadilishe nywila yenyewe kwanza, leo hii. Kusafisha historia kunakuja baadaye.

*Mtumiaji hana muda tena.* Hutokea. Tafuta mwingine mwenye tatizo la jamii hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya kazi itahama nawe.

*Umekwama siku tatu kwenye hitilafu moja.* Punguza msimbo mpaka ubaki na mistari michache ambayo bado inaleta hitilafu. Mara nyingi utaiona ukiwa katikati ya kupunguza. Usipoiona, omba msaada ukiwa na mambo manne: ulichotaka kitokee, kilichotokea, ujumbe mzima wa hitilafu ukiwa maandishi na si picha, na ulichokwisha kujaribu. Ukipata jibu, rudi uandike suluhisho pale ulipouliza, maana kuna mwingine atapita na tatizo hilo hilo.